Siku Kumi Paani na Mtoto Hana Jina

Jumatatu, 2 Novemba 2020

Mimi Thami, mshona makubazi mstaafu, miaka sabini na minne, sijaogopa kitu tangu nizaliwe. Si nyoka, si askari, si mama mkwe.

Uongo. Mama mkwe nilimwogopa mpaka alipozikwa, na siku ya maziko nilisimama nyuma kabisa kwa tahadhari. Na leo saa nne asubuhi nimeogopa simu.

Siku ilianza vizuri. Alfajiri mwanangu Munir alipiga kutoka hospitali. Mkewe Hanan kajifungua. Mtoto wa kiume, kilo tatu na nusu, sauti ya mpiga mnada. Mjukuu wangu wa kwanza. Nikacheza uani na kubazi moja mguuni. Mke wangu Ghita akasema nikivunjika nyonga nijiinue mwenyewe, yeye ana mtoto wa kupokea.

Jambo lililobaki ni jina. Jumapili ni siku ya saba. Kondoo atachinjwa, mtoto atapewa jina. Munir ni mwanangu, nyumba ni yangu, wao wanakaa chini. Jina ni Thami, hesabu imekwisha.

Ila Hanan naye ana baba. Haji Buazza, karani mkuu mstaafu wa reli, mtu anayekunywa chai kwa ratiba. Yeye anataka mtoto aitwe Buazza. Kitoto cha kilo tatu na nusu kuitwa Buazza! Hata kondoo angegoma. Munir na Hanan wanatuogopa wote wawili, kwa hiyo wamesema wataamua Jumapili hiyohiyo. Maana yake babu atakayekuwepo, amevaa kanzu safi na kumkazia macho Munir, ndiye mshindi. Kukazia macho ninajua.

Hapo ndipo simu ilipotetema. Munir aliniwekea humo programu ya korona wakati wa kiangazi. Imeandika: Alhamisi iliyopita ulikaa zaidi ya robo saa karibu na mtu mwenye ugonjwa. Jitenge siku kumi na nne. Kapime.

Nikasoma mara mbili. Nikaitumbukiza simu ndani ya gudulia tupu la zeituni. Baada ya dakika kumi Ghita akaniuliza kwa nini gudulia linatetema.

Saa sita nilikuwa juu ya paa, kwenye chumba cha kuanikia nguo. Godoro, mtungi, redio, na daftari hili la vipimo vya miguu ya wateja wangu, ambalo nyuma ya kila ukurasa ni kweupe. Ghita kahesabu kwa vidole: mpaka Alhamisi ya wiki ijayo. Nikamuuliza, na Jumapili? Akasema Jumapili nitasikiliza.

Nikamwambia sina hata kikohozi. Akanijibu kutoka chini ya ngazi: "Mtoto anafika kesho, baba Munir. Mapafu yake hayana hata siku mbili. Shuka daraja moja tu nikupokee na mchi."

Jumanne, 3 Novemba

Sikulala. Nilikuwa najipima. Nimesikia kwamba anayeugua hunusa kitu asisikie. Nikanusa kitunguu: kipo. Nikanusa kubazi langu: lipo sana. Nikanusa kichupa cha bizari nyembamba kilichosahauliwa rafuni. Hakuna kitu. Moyo ukadondoka mpaka kwenye soksi.

Nikaanza kuandika wosia. Nilipofika kwenye nyundo yangu ya ngozi, nampa nani, nikamwita Ghita kupitia uwazi wa katikati ya nyumba. Nikamweleza kwa sauti ya mtu anayeondoka duniani. Akauliza bizari ipi. Nikamwonyesha kichupa. Akasema hiyo ni ya tangu Munir anabalehe, yeye mwenyewe aliacha kuisikia harufu miaka minane iliyopita, nirudishe kifuniko.

Nimeuchana wosia. Nyundo nabaki nayo.

Baada ya hapo nikaandika orodha ya watu wa Alhamisi. Nani kaniletea balaa? Muuza mnanaa: hapana, alikuwa mbali. Imamu: huyo hakaribii mtu asiye na mwaliko wa chakula. Daktari wa kifua, aliyenikataza mkahawa: ningependa awe yeye, lakini nilimwona mwezi wa tisa.

Mchana mtoto akaja. Ghita akasimama naye katikati ya ua, kamfunga shuka nyeupe, akamnyanyua juu na mikono miwili kama ubao wa mikate. Mimi huku juu nimelala kifudifudi, kichwa nje ya ukingo. Nikaona pua tu. Pua ni yangu. Nikapiga kelele kwamba pua ni yangu. Hanan akasema kwa adabu, "Baba, tafadhali, mate yanadondoka."

Nikarudisha kichwa ndani. Nikavaa barakoa mbili. Nikakaa nyuma ya shuka zilizoanikwa nikihisi vibaya kidogo. Kusema kweli, vibaya sana. Kama ninao huu ugonjwa, na kama ningekuwa nimembeba...

Sitaki kuandika hilo.

Jumatano, 4 Novemba

Asubuhi alikuja muuguzi, kavaa mavazi ya mrina asali. Kijiti chenye pamba kikaingia puani, kikaendelea na safari. Nilimwambia hapo alipofika kuna mambo ya shule, asiyavuruge, nina madarasa manne tu. Ghita naye kapimwa. Majibu Jumamosi.

Na ilikuwa hapohapo, kijiti kikiwa ndani, ndipo nilipokumbuka. Pengine kiligusa mahali panapohusika.

Alhamisi sikuwa na simu.

Naandika taratibu nisikosee. Tangu daktari anikataze mkahawa, Munir ananiangalia kwenye ramani ya simu yake. Mimi ni kidoti cha buluu. Kidoti kikikaribia mkahawa, Munir anapiga. Kwa hiyo mwezi wa tisa nilibuni kitu. Kila Alhamisi nachukua ubao wa mikate ya Ghita kuupeleka kwenye tanuri la mtaa. Simu naiacha hapo kwa Kaddur mwoka mikate, chini ya kitambaa, mimi nakwenda kucheza karata chumba cha nyuma cha mkahawa. Muda wa saa tatu nzima. Kidoti kimetulia tanurini. Munir aliwahi kumwambia mama yake kwamba baba uzeeni amependa sana kusubiri mikate, inampa utulivu.

Basi aliyekaa karibu na mgonjwa ni simu. Ijitenge simu! Mimi ni mzima kama jogoo.

Nilicheza paani, barakoa mbili usoni. Jirani aliyekuwa akianua nguo akaniuliza kama nimeshapata majibu. Nikamwambia nimeyapata kichwani. Akaanua haraka.

Halafu nikakaa. Nikimweleza Ghita kwamba sikuwa na simu, ataniuliza nilikuwa wapi. Nikisema nilikuwa wapi, mchi. Nisiposema, Jumapili niko huku na Buazza yuko uani na kanzu yake iliyonyooka kama reli.

Kufungwa bila kosa ni kubaya. Kuwa na kosa jingine lililo kubwa kuliko kifungo, huko ndiko kubaya zaidi.

Alhamisi, 5 Novemba

Nilipanda juu ya tangi la maji kufikiri. Nikatazama mapaa. Paa la tatu upande wa msikiti, kati ya shuka za waridi, kuna mtu kakaa kwenye kiti, wima, na saa mkononi. Anakunywa chai.

Haji Buazza.

Kumbe naye kafungiwa. Nilifurahi mpaka nikateleza. Nikamwita. Mazungumzo yetu yalipita juu ya nyumba mbili na kuku kadhaa.

Nikamuuliza anafanya nini huko juu. Akasema anapunga hewa. Nikamwambia na godoro? Akatazama saa. Akasema simu yake ilitoa taarifa. Nikauliza ya lini. Akasema Alhamisi. Nikauliza Alhamisi alikuwa wapi. Akasema tanurini, anasubiri mikate.

Hapo nilielewa. Mkewe naye humfuata kwa ramani. Na mimi nilikuwa nikimwona mkahawani Alhamisi zote, nikidhani mwenzangu karani kapewa ruhusa ya maandishi. Naye alinidhania hivyohivyo. Nikamwambia, "Haji, Kaddur anaziweka wapi simu?" Akasema kwenye kikapu, nyuma ya gunia la pumba, chini ya kitambaa. Aliwahi kuona simu tano humo, na sasa tukazitambua. Za kwetu mbili, ya Maati kinyozi, na mbili za wale ndugu wauza sufu tunaocheza nao.

Nikapiga makofi kwa furaha. Basi simu zimeambukizana zenyewe kikapuni! Sisi hatumo! Mwenye ugonjwa ni nani?

"Maati," akasema Buazza. "Mkewe kamwambia mke wangu. Kapoteza ladha tangu Ijumaa, kapimwa, anao. Anasema mke kamnyima chumvi, mke anasema ameweka mara mbili."

Nikacheka. Buazza hakucheka. Akaniuliza, polepole, kama anayesomea abiria habari za kuchelewa: "Mkwe. Wakati simu ya Maati iko kikapuni, Maati mwenyewe alikuwa wapi?"

Nikafikiri.

Maati alikuwa mkahawani. Mkono wangu wa kulia. Muda wote wa saa tatu, barakoa kidevuni, akinong'ona sikioni mwangu karata za Buazza.

Yaani programu ilikosea kila kitu na ikapatia. Nikashuka tangini. Nikanusa kitunguu. Kipo. Nikanusa tena.

Kabla ya magharibi tulikula kiapo, mimi paa hili, yeye paa lile, mkono kifuani. Hakuna atakayesema neno juu ya kikapu wala mkahawa. Tunaungua pamoja au tunapona pamoja. Alisema kwa heshima ya reli. Mimi nikasema kwa heshima ya ngozi.

Ijumaa, 6 Novemba

Nimeamka na wazo zuri kuliko yote ya maisha yangu.

Mtoto hawezi kupewa jina la mwongo. Hata imamu atakubali. Hanan akijua babake anaficha simu tanurini na kucheza karata na wagonjwa, jina la Buazza limekwenda na maji. Linabaki moja. Kiapo? Kiapo kilisema hakuna atakayesema. Kuandika hakikutajwa.

Nikaandika barua kwa mkono wa kushoto, isijulikane. Nikaikunja ndani ya kikapu cha nguo chafu, nikakishusha kwa kamba. Nikajilaza kusubiri matunda.

Saa saba kuskusi ya Ijumaa ikaletwa kutoka kwa akina Buazza, sahani kubwa kwa ajili ya mzazi, na boga juu. Nikasikia sahani ikiwekwa. Nikasikia karatasi ikikunjuliwa. Halafu sauti ya Ghita, imenyanyuliwa makusudi ifike paani.

Alisema wameletewa barua mbili leo na angependa kuzisoma ili wote tufaidike.

Ya kwanza, akasema, imetoka kwenye nguo chafu. Akasoma: "Mimi ni raia mwema nisiyependa kujulikana. Haji Buazza anaficha simu tanurini na kwenda kucheza karata." Akaacha kusoma. Akasema raia mwema huyu kaandika nyuma ya karatasi yenye maneno haya: Bi Zohra, mguu wa kushoto, kidole gumba kimeelekea nje.

Nililitazama daftari. Ukurasa wa Bi Zohra haupo.

Ya pili, akasema, ilikuwa chini ya sahani ya kuskusi. Akasoma: "Kwa anayehusika. Inaarifiwa kuwa Mzee Thami huacha simu yake kwa mwoka mikate na kwenda mkahawani kila Alhamisi, saa tisa kamili hadi saa kumi na mbili na dakika tano. Asiyejulikana." Na chini yake, akasema Ghita, asiyejulikana kaweka tarehe na muhuri wa stesheni.

Nikakimbilia ukingo wa paa. "Haji! Msaliti wewe! Tuliapa!"

Kutoka paa la tatu: "Na hiyo barua ya kwanza kaandika nani, mkwe?"

Nilikuwa sijaliona jambo kwa upande huo.

Ghita akafunga mtandio, akaenda tanurini. Alirudi na Kaddur, na kikapu. Maskini Kaddur, uso wote unga, hakuhojiwa hata swali moja. Alianza kulia mlangoni. "Mimi naoka tu, Bi Ghita. Wao walisema zinapenda joto."

Munir alikuja chini ya uwazi akaniangalia. Hakukasirika. Hilo ndilo liliniuma. Akasema, "Baba, nilikuwa naangalia kile kidoti kila Alhamisi kazini. Nilikuwa nasema, angalau mzee wangu yuko mahali pazuri."

Sikuweza kula kuskusi. Nilikula boga tu. Na nyama. Na kuskusi kidogo ya chini, yenye mchuzi.

Jumamosi, 7 Novemba

Majibu: sina. Ghita hana. Buazza pia hana, kapiga kelele mara tatu kana kwamba kashinda uchaguzi.

Nikaomba nishuke. Muuguzi kasema ugonjwa unaweza kuchelewa kujitokeza, siku ni siku. Nikamkazia macho Ghita kutoka juu. Kwa umbali ule hayafanyi kazi.

Jumapili, 8 Novemba

Siku ya saba. Nimevaa kanzu, nimevaa makubazi mapya ya njano, nimenyoa mwenyewe kwa kioo cha redio. Nimelala kifudifudi ukingoni na barakoa tatu.

Chini walikuwa watu wachache, wamekaa wameachana kama meno yangu. Kondoo alikuwa kashamaliza kazi yake. Harufu ya ini na mnanaa ikapanda mpaka kwangu. Nikaisikia yote. Macho yakaniwasha. Ni moshi.

Buazza hawezi kuona ua wetu kutoka kwake. Alinitesa. "Wamefika wapi?" Nikamwambia imamu anakohoa. "Sasa je?" Nikamwambia imamu anaangalia nyama. "Na sasa?" Nikamwambia wamesema Thami. Nikamhurumia, nikamwambia natania, bado. Akanitukana kwa maneno ambayo sikujua reli inayo.

Imamu akamnong'oneza mtoto adhana sikioni. Halafu akauliza jina.

Munir akamtazama Hanan. Hanan akanyanyua macho, akanitazama mimi moja kwa moja, yule binti mpole asiyewahi kunijibu.

"Seddik," akasema. "Mkweli. Ili awepo mmoja katika ukoo huu."

Wote uani wakacheka. Ghita alicheka mpaka akashika nguzo.

"Nani?" akaita Buazza. "Nimeshinda?"

"Hapana."

"Umeshinda wewe?"

"Hapana."

Nikamweleza. Nikamsikia anaanza taratibu, kama gari moshi linaloondoka stesheni, halafu kasi, halafu kicheko chote. Nami nikashikwa. Wazee wawili juu ya mapaa, tunacheka na mbavu zinauma, kuku wanakimbia. Ndipo nikakohoa.

Uani pakawa kimya mara moja. Nyuso zote juu.

"Nimepaliwa," nikasema. "Wallahi nimepaliwa."

Hakuna aliyeniamini. Kitunguu kilikuwa mfukoni. Nilikinusa mbele yao wote, wakanipigia makofi.

Ijumaa, 13 Novemba

Nimeshuka. Daraja kumi na nane, kila moja kwa bismillahi. Ghita alisimama chini. Hakuwa na mchi. Alikuwa na Seddik.

Akaniwekea mikononi. Ana joto la mkate uliotoka sasa hivi. Mtoto alinitazama kwa muda, akanishika pua, ile yetu wote wawili, akaivuta kwa nguvu. Sikusema mzaha wowote. Ghita aliniuliza kama naumwa.

Nikaapa mbele yake na mbele ya wote, mkono juu ya kichwa cha mtoto: maisha yangu yote sitaweka tena simu yangu ndani ya kikapu kile. Munir akanibusu kichwa. Ghita hakunibusu. Alirudia kiapo changu neno kwa neno, polepole, kama anayehesabu chenji, kisha akaniangalia. Bahati nzuri kuskusi ikaita.

Maati kapona. Ladha imerudi, na kweli ilikuwa chumvi mara mbili. Amehakikishiwa ni mzima. Haji Buazza, tulipotoka msikitini, aliniambia bila kugeuza kichwa kwamba ndugu wauza sufu wamepeleka meza nje, penye upepo, na kwamba Alhamisi ijayo kuna nafasi nne.

Nimelitafakari jambo zima, maana nilikuwa na siku kumi za kutafakari. Kosa lilikuwa kikapu. Simu tano mahali pamoja, hata mtoto mdogo angeona. Kwa hiyo nimekata ukurasa wa pili wa Bi Zohra, mguu wa kulia, na nimeandika hivi, kwa mkono wangu wa kawaida, sina cha kuficha:

Kaddur, ndugu yangu. Unakumbuka ile Sikukuu ya Kuchinja ulipolala ukaunguza mbao saba za mikate ya mtaa mzima, nami nikawaambia wanawake kwamba nilikuzuia mlangoni kwa maneno mengi? Walinizomea mwezi mzima. Sikukudai kitu. Leo nadai. Rafu ya juu, kushoto, peke yake, mbali na kikapu. Saa tisa mpaka saa kumi na mbili. Na ikilia iache ilie, mtu mzima anasubiri mikate yake.